Mazoezi makali ya nyumbani: mwongozo wa wiki 12 kwa anayeanza bila pumzi

Wengi wanaoanza programu kali za mazoezi nyumbani huishia wiki ya pili. Siku ya kwanza mtu anaifuata video mpaka mwisho, jasho linamtiririka na kichwa kiko juu. Kesho yake hawezi kuketi bila kushika ukuta. Siku ya nne goti linalalamika, na Jumatatu inayofuata video inafutwa ili simu ipate nafasi. Huyo si mvivu. Alianzia katikati.

Chukua Insanity, programu ya mwalimu wa mazoezi Shaun T, iliyotoka Marekani mwaka 2009 kwenye DVD na mpaka leo inapita kutoka simu hadi simu. Ni ya siku 60, mazoezi siku sita kwa wiki, na mfumo wake ni kujituma kwa takriban dakika tatu kisha kupumzika nusu dakika. Wauzaji wake walijigamba kwamba hakuna mazoezi magumu kuliko hayo yaliyowahi kuwekwa kwenye DVD. Ukitoka kwenye kiti cha ofisi au kwenye usukani wa bajaji ukaingia humo moja kwa moja, moyo unaweza kuvumilia, lakini magoti, visigino na mgongo wa chini havitavumilia. Pumzi huongezeka ndani ya wiki chache. Kano na maungio huchukua miezi kuzoea mishindo ya kuruka. Tofauti hiyo ndiyo inayowaumiza watu, na ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na wiki nne ambazo huruki hata mara moja.

Mpango mzima ni wiki 12: nne za msingi, nne za vipindi vifupi vya kasi, na nne za mwisho za programu yoyote uliyoipenda, kwa siku tatu badala ya sita.

Hatua ya 1: Hakikisha mwili umeruhusiwa

Kabla ya kununua raba, pima shinikizo la damu. Maduka mengi ya dawa na zahanati wana mashine, na ni shughuli ya dakika tano. Ukikuta 140 kwa 90 au zaidi, kapime tena siku nyingine ukiwa umetulia. Ikibaki hapo, zungumza na daktari kwanza. Fanya hivyo pia kama una kisukari, umewahi kubanwa kifua ukipanda ngazi, umewahi kuzimia ukiwa mazoezini, au kuna ndugu wa karibu aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa kijana. Mwenye pumu anaweza kufanya mazoezi haya, ila inhela iwe karibu na kupasha mwili kuwe kwa muda mrefu zaidi. Mjamzito asianze programu kali mpya. Aliyejifungua karibuni asubiri ruhusa ya mkunga au daktari, hasa kama alipasuliwa.

Kuna jambo moja ambalo video za Wamarekani hazilitaji na sisi huku linatuhusu sana: selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kanda ya Ziwa, pwani na Uganda watu wengi wamebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kujua, kwa sababu maisha ya kawaida hayawasumbui. Wakijituma kupita kiasi kwenye joto, bila maji wala kupumzika, seli zao zinaweza kubadilika umbo na misuli ikakosa damu. Kumekuwa na vifo vya wanamichezo na askari kwa namna hiyo. Kama kwenu kuna mtoto mwenye selimundu, pima. Ukikutwa umebeba kinasaba hujakatazwa mazoezi. Unapanda taratibu zaidi, unapumzika kwa muda mrefu zaidi kati ya raundi, na misuli ikianza kuuma au kuishiwa nguvu ghafla unaacha papo hapo.

Na usifanye mazoezi makali ukiwa na homa. Malaria haitoki kwa jasho.

Hatua ya 2: Andika ulipo leo

Tafuta daftari. Asubuhi kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa dakika nzima. Rudia siku tatu, andika wastani. Namba hii utaihitaji tena, maana ndiyo itakayokuambia siku ya kupumzika imefika.

Jioni jipime mambo matatu: skwati ngapi unafanya kwa dakika moja mapaja yakishuka mpaka usawa wa kiti, pushapu ngapi kabla mgongo haujaanza kulegea (za magotini zinahesabika, andika tu kwamba ni za magotini), na planki ya viwiko (kifudifudi, mwili umenyooka ukibebwa na viwiko na vidole vya miguu) kwa sekunde ngapi. Pima tena mwisho wa wiki ya 4, ya 8 na ya 12. Mzani uache kwanza. Katika mwezi wa kwanza huwa unadanganya kuliko daftari.

Hatua ya 3: Nafasi, saa na vifaa

Mita mbili kwa mbili zinatosha. Sogeza stuli, kunja zulia. Vigae vikidondokewa na jasho vinateleza vibaya, kwa hiyo weka mkeka wa mpira au fanyia uani, na uvae raba zenye kisigino kinene hata kama uko ndani. Godoro si mahali pa kurukia. Kifundo cha mguu kinapinda kirahisi kwenye kitu laini. Kwa mwanamke, sidiria ya michezo ni muhimu kama raba zenyewe.

Ukikaa ghorofani, au kwenye nyumba ya kupanga ambako ukuta ni mmoja na jirani, sahau kuruka alfajiri. Kila zoezi la kuruka lina ndugu yake asiyeruka, na nitayataja.

Kwa Dar, Tanga, Mombasa au Muscat, joto lenye unyevu ni sehemu ya mazoezi yenyewe. Jasho lisipokauka halipozi mwili, na moyo unapiga haraka zaidi kwa kazi ile ile. Fanya saa 12 asubuhi au baada ya saa 2 usiku, washa feni bila aibu. Aliyetoka pwani akahamia Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, atashangaa pumzi yake imekwenda wapi. Siku chache za kwanza apunguze raundi.

Pakua video mara moja ukiwa kwenye waifai. Kutazama mtandaoni kila siku kunamaliza bando, na video inayokwamakwama katikati ya raundi inaudhi mno.

Hatua ya 4: Elewa neno "makali" kwa kipimo chako

Hapa ndipo panapoamua yote. Ukali wa zoezi ni kiasi gani cha uwezo wako linatumia. Anavyoruka kijana wa kwenye video hakukuhusu. Mama wa miaka 55 anayepanda ngazi mpaka hawezi kumaliza sentensi anafanya mazoezi makali kuliko kijana wa miaka 22 anayerukaruka huku anaimba.

Kipimo rahisi ni mazungumzo. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kiwango cha kati. Ukitoa maneno mawili matatu kisha ukatafuta hewa, uko kwenye kiwango kikali. Usipoweza kusema lolote, umevuka, na hapo unaruhusiwa kubaki kwa sekunde chache tu.

Anayependa hesabu atumie hii: zidisha umri wako kwa 0.7, toa jibu kwenye 208. Mtu wa miaka 40 anapata 180, ndicho kikomo cha mapigo ya moyo kwa makadirio. Mazoezi makali yanaanzia kwenye asilimia 80 hadi 85 ya hapo, yaani 144 mpaka 153 kwa dakika. Mara tu unapoacha zoezi, hesabu mapigo kwa sekunde 10 na uzidishe kwa 6. Ila anayetumia dawa za shinikizo kama atenolol asifuate hesabu hii, kwa sababu dawa hizo huzuia mapigo kupanda. Yeye atumie kipimo cha mazungumzo.

Hatua ya 5: Wiki ya 1 hadi ya 4, msingi

Siku tatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine tembea haraka dakika 20 au 30. Kushuka kituo kimoja kabla ya kwako kunatosha.

Anza kwa kupasha mwili dakika sita: tembea papo hapo, zungusha mabega, zungusha nyonga, inua magoti moja moja, fanya skwati chache za nusu. Ukianza kutoa jasho jembamba uko tayari. Kisha fanya mazoezi matano yafuatayo, seti mbili wiki ya kwanza, tatu kuanzia ya pili, ukipumzika dakika moja kati ya zoezi na zoezi.

Skwati ya kiti: simama mbele ya kiti, miguu upana wa mabega, peleka makalio nyuma kana kwamba unaketi, gusa kiti, simama. Hesabu tatu ukishuka. Magoti yaelekee vidole vya miguu vinakoelekea, yasiingie ndani. Kumi hadi kumi na tano.

Pushapu: anzia ukutani. Ukiweza 15 safi, hamia kwenye meza imara, kisha kwenye stuli, kisha sakafuni. Watu wazima wengi hukimbilia sakafuni kwa ajili ya heshima na kuishia kushusha kichwa tu huku kiwiliwili kimebaki juu. Pushapu ya mezani iliyo safi inajenga kifua. Ile ya sakafuni ya kudanganya inajenga maumivu ya bega.

Kuinua nyonga: lala chali, kunja magoti, kaza makalio, inua nyonga, shikilia sekunde mbili. Hili usilidharau. Wanaokaa kutwa nzima makalio yao yamelala, na mgongo ndio unaobeba kazi yao wakati wa kuruka.

Lanji ya kurudi nyuma: piga hatua moja nyuma, shusha goti la nyuma karibu na sakafu, rudi. Nane kila mguu. Ya kurudi nyuma ni rafiki wa magoti kuliko ya kwenda mbele.

Planki: sekunde 20, ukipanda kidogo kidogo hadi 45. Kiuno kikianza kuzama, imekwisha, hata kama saa haijafika.

Katika wiki ya nne ongeza mzunguko wa dakika saba uliochapishwa Marekani Mei 2013 na Brett Klika na Chris Jordan: mazoezi 12 ya ukuta, kiti na uzito wa mwili, sekunde 30 kila moja na 10 za kupumzika, yamepangwa ili miguu ipumzike mikono ikifanya kazi. Uko kwenye programu nyingi za simu bila malipo. Ile ya kuruka huku ukipanua miguu na mikono ibadilishe iwe ya hatua: mguu mmoja pembeni, mikono juu, rudi, mguu wa pili. Waandishi wenyewe walisema mzunguko unaweza kurudiwa mara mbili au tatu. Wewe fanya mmoja.

Hatua ya 6: Wiki ya 5 hadi ya 8, vipindi vya kasi

Sasa unaanza kukata pumzi kwa makusudi. Chagua mazoezi manne ambayo hata ukichoka huwezi kuyaharibu: magoti juu papo hapo, skwati za haraka, kupanda mlima (mikono sakafuni au kwenye stuli, magoti yakija kifuani kwa zamu), na kuruka kamba au kuiga kuruka kamba bila kamba. Wa ghorofani watumie kupanda na kushuka ngazi moja.

Wiki ya 5: sekunde 20 za kazi, 40 za kupumzika, raundi 8. Wiki ya 6: raundi 10. Wiki ya 7: sekunde 30 kwa 30, raundi 8. Wiki ya 8: 30 kwa 30, raundi 12. Ukijumlisha na kupasha mwili na kupoza, haivuki dakika 25. Mara mbili kwa wiki inatosha, na siku ya tatu urudie yale ya msingi kwa seti tatu, ukishuka polepole zaidi.

Kila raundi hesabu idadi. Ukifanya skwati 14 raundi ya kwanza na 8 raundi ya sita, ulianza kwa kasi mno. Lenga 11, 11, 11. Kupumzika nako kuwe kwa kutembea. Ukijitupa chini ghafla damu inabaki miguuni na kizunguzungu kinakuja.

Hapa utakutana na Tabata, na inafaa kuijua vizuri, maana jina lake limetumika vibaya. Mwaka 1996 Izumi Tabata na wenzake kule Kanoya, Japani, walichapisha matokeo ya wanafunzi wa michezo walioendesha baiskeli ya maabara kwa sekunde 20 na kupumzika 10, raundi saba au nane mpaka wameishiwa, kwa wiki sita. Mbinu yenyewe ilitoka kwa Irisawa Koichi, kocha wa timu ya Japani ya mbio za kuteleza kwenye barafu. Uwezo wa wanafunzi hao wa kutumia oksijeni ulipanda, na ule wa kujituma bila kutegemea oksijeni ukapanda kwa asilimia 28, wakati wenzao waliofanya saa nzima kwa kasi ya kati walipanda kwenye oksijeni tu. Lakini kasi ile ilikuwa asilimia 170 ya kiwango kinachofikisha oksijeni kileleni. Hiyo si ya sebuleni. "Tabata ya dakika 30" unayoiona kwenye simu ni mazoezi ya kawaida yaliyowekewa saa ya 20 kwa 10, hayana ubaya, ila usitegemee miujiza ya Kanoya.

Hatua ya 7: Wiki ya 9 hadi ya 12, programu yenyewe

Sasa fungua video uliyoitamani. Itazame yote umekaa, daftari mkononi, uandike mazoezi ya kuruka na utakachobadilisha. Skwati ya kuruka inakuwa skwati ya haraka ukimaliza kwa kusimama kwenye vidole. Magoti juu ya mbio yanakuwa ya kutembea kwa nguvu na mikono ikisukuma. Bapi (kuchuchumaa, kurusha miguu nyuma, kuirudisha na kuruka juu) inakuwa ya kurudisha mguu mmoja mmoja, mikono kwenye stuli, bila kuruka. Kwa taarifa yako, Royal H. Burpee aliyebuni zoezi hilo miaka ya 1930 kule New York alilikusudia kupima utimamu wa mwili, mara nne tu kisha mapigo ya moyo yanahesabiwa. Hamsini mfululizo ni ubunifu wa waliokuja baadaye.

Kwa zile zenye mfumo wa dakika tatu kwa nusu dakika, tumia kitufe cha kusimamisha. Hakuna binadamu anayejituma kwa nguvu zote dakika tatu. Anayejaribu hugeuka kuwa mtu wa mwendo wa kati mwenye mkao mbovu. Fanya sekunde 40, pumzika 20 wakati wao wanaendelea, ingia tena. Ukifika nusu ya video wiki ya 9, umefanya vizuri. Ongeza dakika tano kila wiki.

Siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Ratiba ya siku sita wafuate walio na mwaka wa mazoezi nyuma yao. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali kwa wiki, pamoja na siku mbili za kujenga misuli. Kwa vipindi vitatu vya dakika 30 na matembezi yako, umeshaingia humo.

Chakula, maji na mzani

Dakika 20 za mazoezi haya kwa mtu wa kilo 70 zinaunguza takriban kilokalori 200. Soda moja ya mililita 500 inazirudisha zote. Kwa hiyo kitambi kitapungua jikoni zaidi ya sebuleni, hasa kwa kupunguza mafuta ya kukaangia, soda na chapati za asubuhi. Njaa ya kujiadhibu haifai. Misuli inahitaji protini, na huhitaji unga wa kopo: maharage, dagaa, mayai, mtindi na karanga vinatosha. Saa moja na nusu kabla, ndizi au kikombe cha uji. Maji ya kawaida yanatosha kwa kipindi cha nusu saa. Mwezi wa Ramadhani rudi kwenye ratiba ya msingi, saa moja au mbili baada ya futari.

Dalili za kukusimamisha

Maumivu ya misuli yanayofika kilele siku ya pili kisha kupungua ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida: maumivu makali ya kuchoma kwenye ungio, uvimbe, kubanwa kifua, moyo kwenda ovyo, kizunguzungu kisichoisha ukikaa. Misuli ikivimba na kuuma kupita kiasi, na mkojo ukawa wa rangi ya kola, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Hutokea zaidi kwa wanaorudi mazoezini kwa pupa baada ya mapumziko marefu.

Asubuhi ukikuta mapigo yamepanda kwa saba au zaidi kuliko wastani wako wa daftarini, na usingizi haukuwa mzuri, siku hiyo tembea tu.

Ukikatizwa

Utakatizwa: safari, msiba, mtoto mgonjwa, umeme umekatika na joto halivumiliki. Ukikosa wiki moja, rudia wiki uliyoishia. Ukikosa mbili au tatu, rudi nyuma wiki mbili kwenye mpango. Baada ya malaria au homa nyingine kali, subiri mpaka unakula na kulala vizuri, anza kwa matembezi ya siku kadhaa, kisha ingia kwenye wiki ya 3 hata kama ulikuwa umefika ya 11. Ukizidi mwezi, anza wiki ya 1, lakini kila wiki ya msingi ikikuwia rahisi unaweza kuruka inayofuata. Na ukimaliza ya 12, vipindi viwili vikali kwa wiki vinatosha kubaki ulipo. Cha tatu kiwe cha kucheza mpira, kuogelea au kupanda kilima kilicho karibu nawe.